Vietnam wakati wa masika: kutoka Saigon hadi Da Nang tukihesabu taa za hoteli

Masika yakianza, hoteli nyingi za mashariki ya Unguja hupunguza wafanyakazi, nyingine hufunga milango hadi Juni, na sisi wa ofisini tunaambiwa tukamalize likizo. Mimi ni mhasibu wa hoteli. Mwaka 2025 likizo yangu iliangukia Mei, wakati ule ule ambapo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa amebanwa na dalali wa fleti za ufukweni. Nunua kabla haijajengwa, kampuni itakupangishia kwa watalii, wewe kazi yako kusubiri pesa. Nikamwambia biashara hiyo Wavietnam wameifanya kwa wingi kuliko sisi, na kuna walioungua. Yeye anauza mabati na saruji, haamini maneno mpaka aone jengo. "Basi twende tukaone," akasema, na tikiti yangu akachangia nusu.

Haya nimeyapanga upya kutoka kwenye daftari na picha za simu. Bei ni za Mei 2025.

Viza: tangu 15 Agosti 2023 Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, hadi siku 90, dola 25 kwa kuingia mara moja. Chapisha karatasi. Kaunta ya uwanja wa Zanzibar hawakutaka kuiona kwenye simu.

Alhamisi 8 Mei, Saigon

Zanzibar hadi Doha, Doha hadi Mji wa Ho Chi Minh, ambao wengi bado wanauita Saigon, na kuhusu saa hizo sina la kusimulia zaidi ya kwamba shemeji alikoroma. Foleni ya uhamiaji ilizidi saa nzima.

Kwa Mtanzania hesabu ya fedha ni rahisi ajabu: futa sifuri moja. Dong 50,000 ni takriban shilingi 5,000. Ukishalijua hilo unabishana bei kama uko sokoni Darajani.

Hoteli tuliyoweka nafasi, nyuma ya soko la Ben Thanh, ilikuwa imeuza vyumba kuliko ilivyonavyo. Mji ulikuwa umefurika, maana mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Vesak, sikukuu kuu ya Wabudha, ulikuwa unamalizika siku hiyo na mahujaji wa Kibudha walijaa kila kona. Shemeji alianza kupandisha sauti. Mimi nilinyamaza, kwa sababu Agosti na sisi tunafanya hivyo hivyo na kuomba wawili watatu wasitokee. Kijana wa mapokezi akalibeba begi la shemeji begani, akatupitisha vichochoro viwili hadi nyumba ya wageni ya shangazi yake. Jengo lenye upana wa kama mita nne, ghorofa sita, lifti ya watu wawili wembamba. Dong 450,000, chumba safi, feni na kiyoyozi. Tulipompa bahasha kidogo alikataa mara mbili, ya tatu akacheka akakimbia nayo.

Ijumaa 9 Mei, Saigon

Sala ya Ijumaa tuliswali msikiti wa mtaa wa Dong Du, uliojengwa 1935 na Waislamu waliotoka kusini mwa India. Uko katikati kabisa ya mji, umezungukwa na minara ya hoteli na mabenki. Baada ya sala tulikaa kula jirani na msikiti. Mzee mmoja wa kabila la Wacham, ambao wengi wao ni Waislamu, kwao mkoa wa An Giang, alitusalimia, akauliza "Afrika?" na baada ya hapo hatukuwa na lugha ya pamoja isipokuwa alhamdulillahi. Tulipoomba hesabu, mwenye mgahawa akatuonyesha kuwa mzee ameshalipa na ameondoka.

Kwa wanaofuata halali: Saigon hakuna shida, mitaa ya karibu na msikiti huo ina migahawa kadhaa. Nje ya hapo tafuta neno "chay" kwenye kibao. Ni migahawa ya mboga tupu ya Kibudha, ipo kila mji, na sahani ni dong 35,000 hadi 50,000. Samaki pia wapo kwa wingi, ila uliza mafuta ya kukaangia.

Ukitoka msikitini na kuingia mtaa wa Dong Khoi, historia ya hoteli za nchi hii unaimaliza kwa mguu. Continental ni ya 1880, enzi za Wafaransa. Caravelle ni ya 1959, na wakati wa vita waandishi wa habari wa kigeni walikuwa wakikutana juu ya paa lake. Baada ya 1975 hoteli kubwa zikawa mikononi mwa serikali. Mageuzi ya uchumi ya Doi Moi ya 1986 yalipofungua milango, wafanyabiashara wa kigeni wakaanza kuja na vyumba vya hadhi yao havikuwapo. Mwaka 1989 suluhisho lilikokotwa baharini: hoteli nzima inayoelea, iliyokuwa imeundwa kwa ajili ya matumbawe ya Great Barrier Reef kule Australia na ikashindwa kibiashara, ikatia nanga mto Saigon. Ilifanya kazi pale miaka kadhaa, halafu ikauzwa tena na kuishia Korea Kaskazini. Shemeji aliirudia hadithi hii safari nzima, kila alipoona mashua.

Leo tatizo limegeuka. Wageni wa kimataifa walikuwa milioni 7.9 mwaka 2015 na milioni 18 mwaka 2019, wakapotea na korona, wakarudi milioni 17.6 mwaka 2024. Nchi ambayo miaka ya 80 ilikuwa ikiagiza chumba kutoka ng'ambo sasa ina pwani zenye vyumba visivyojulikana nani atavilalia.

Jumamosi 10 na Jumapili 11 Mei, Phu Quoc

Angalia jengo la uwanja kabla hujaondoka hotelini. Ndege za ndani za Vietnam Airlines zilikuwa zimetoka kuhamia jengo jipya la T3, lililofunguliwa Aprili, na baadhi ya kampuni bado zilikuwa T1. Kuna mtu alitukimbilia na masanduku akiwa amekosea jengo, uso umemshuka.

Phu Quoc ni kisiwa cha ukubwa wa kama theluthi ya Unguja, kusini magharibi kabisa, karibu na Kambodia kuliko bara la Vietnam. Uwanja wa kimataifa ulifunguliwa 2012. Anayetua hapo moja kwa moja kutoka nje ya nchi anakaa siku 30 bila viza. Kasino ilifunguliwa 2019, ikiwa ya majaribio ya kuruhusu Wavietnam wenyewe kucheza. Kusini kuna gari la kamba linalopita juu ya bahari karibu kilomita 8 hadi kisiwa cha Hon Thom, la mwaka 2018, la Sun Group. Kaskazini ni himaya ya Vingroup. Kampuni mbili zimekigawana kisiwa, na ukiuliza njia utaelekezwa kwa majina yao.

Mei ni mwanzo wa mvua huku, bendera nyekundu ufukweni, bahari chafu. Kwa hiyo nilimwonya shemeji tusikihukumu kisiwa kwa msimu wa chini, maana na kwetu mtu akija Paje mwezi huo ataandika kwamba watalii wamekufa. Lakini kuna kinachoonekana bila kujali msimu. Jioni tulisimama kando ya barabara mbele ya jengo la hoteli la ghorofa 12 na nikahesabu madirisha yenye taa. Upande mzima wa bahari, 19. Kisha nikatazama chini, kwenye viyoyozi. Chumba kilichowahi kutumika, mashine yake ya nje ina kutu na alama ya maji yanayochuruzika ukutani. Ghorofa za juu zilikuwa na matundu ya mashine tu. Hizo hazijawahi kulaliwa na mtu.

Kusini tulipita mtaa wa maduka-ghorofa ya rangi za njano na waridi, yenye mtindo wa miji ya bahari ya Italia. Safu baada ya safu zina makufuli, na vumbi la kufuli lilikuwa nene kiasi cha kuandikia jina. Yote yameuzwa, kwa watu wa Hanoi na Saigon ambao wengine, alivyotueleza mama aliyekuwa akichoma ngisi pembeni, hawajawahi kufika kuyaona. Ngisi wake dong 60,000, na juu yake mchuzi wa samaki wa kisiwani, unaoozeshwa kwenye mapipa ya mbao kama mwaka mzima. Shemeji aliomba aongezwe mara mbili, na pilipili manga ya hapo hapo, ambayo kisiwa kinajivunia sawa na sisi na karafuu.

Saruji haijasimama, lakini. Mkutano wa 2027 wa APEC, jumuiya ya uchumi ya nchi za Asia na Pasifiki, utafanyika hapa, na kazi za uwanja wa ndege na ukumbi zilikuwa mdomoni mwa kila dereva. Hilo shemeji lilimpa moyo, nami sikubishana siku hiyo.

Jumatatu 12 Mei, treni ya usiku

Ndege ilichelewa saa tatu kwa mvua, hatukupata chochote zaidi ya chupa ya maji. Tukafika stesheni ya Saigon tukikimbia. Hadi Nha Trang ni kilomita 411, kitanda laini kwenye behewa la vitanda vinne tulilipa kama dong 600,000 kila mmoja. Chukua kitanda cha chini, cha juu huwezi kukaa wima.

Mama tuliyelala naye behewa moja alikuwa anatoka kumwona mjukuu. Alitandaza gazeti, akamenya embe mbichi na kutoa kikaratasi cha chumvi ya pilipili. Shemeji alimtazama kana kwamba amekutana na jirani wa Mwembetanga. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, Vesak yenyewe, hivyo wali wake wa kunata ndani ya jani la mgomba haukuwa na nyama. Tulikula wote.

Jumanne 13 Mei, Nha Trang

Mtaa wa Tran Phu unafuata bahari mji mzima, na vibao vyake vinasimulia soko kuliko ripoti. Duka moja la dawa lilikuwa na tabaka za herufi: Kirusi kilichofifia, juu yake Kichina, na juu kabisa karatasi mpya ya Kikorea. Warusi walijaa hapa kabla ya korona, ndege zao zikakatika 2022 baada ya vita vya Ukraine, na mwaka huo wa 2025 za kukodi zilikuwa zimeanza kurejea. Wachina walipotea na korona. Wakorea ndio waliobeba mji baada ya hapo. Kitaifa, Wakorea na Wachina peke yao walikuwa karibu nusu ya wageni wote wa nje mwaka 2024. Sisi wa Zanzibar tuliowahi kuwategemea Waitaliano tunaijua hofu hiyo.

Siku hiyo hiyo hisa za Vinpearl, kampuni ya hoteli ya Vingroup, zilianza kuuzwa kwenye soko la hisa la Ho Chi Minh. Kampuni ilianzia hapa, kisiwa cha Hon Tre mbele ya mji, mwaka 2003, na kijana wa mapokezi alikuwa akiifuatilia bei kwenye simu huku akinakili pasipoti zetu. (Pasipoti watanakili kila mahali, ni sharti la kuandikisha mgeni polisi.)

Tulilala hoteli ya familia, vyumba 14, mita mia mbili kutoka baharini, dong 500,000. Ilijaa. Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo anayekunja mashuka mwenyewe, alinionyesha daftari lake bila wasiwasi nilipomwambia kazi yangu. Wageni wake wengi ni Wavietnam, familia zinazokuja shule zikifungwa. Serikali inahesabu safari milioni 110 za watalii wa ndani kwa mwaka 2024. Mama huyu hana mkopo wa benki, hana chapa, hana mtu aliyemwahidi asilimia. Na jengo lake lina taa kila dirisha.

Jumatano 14 Mei, Bai Dai

Basi la uwanjani, dong 65,000, linapita Bai Dai, ufukwe mrefu kati ya Nha Trang na uwanja wa Cam Ranh. Hapa ndipo nilipotaka shemeji afike. Hoteli za nyota tano zinafuatana, na kati yake mifupa ya zege isiyo na madirisha.

Tuliingia ofisi moja ya mauzo, siitaji. Kiyoyozi cha kugandisha, mfano wa mradi ndani ya kioo wenye vijitaa, maji ya nazi. Dada aliyetuhudumia alikuwa mwerevu na mpole. Bidhaa ni kondoteli: chumba cha hoteli kinachouzwa kwa mtu binafsi, kisha kinaendeshwa na hoteli. Chumba dong bilioni 2. Ahadi asilimia 8 kwa mwaka, miaka mitano. Shemeji akafuta sifuri: milioni 200 za kwetu, napata milioni 16 kila mwaka. Akaniangalia.

"Mhasibu, sema basi."

Nikamuuliza dada chumba kama kile wanauza usiku bei gani. Dong 900,000, wastani wa mwaka. Nikachukua kalamu nikaandika nyuma ya kipeperushi. Tuseme kinajaa asilimia 55, ambayo ni siku 200. Mapato dong milioni 180. Sasa toa mishahara, umeme, dobi, kamisheni za mawakala wa mtandaoni, matengenezo. Hoteli ya ufukweni iliyosimamiwa vizuri inabaki na asilimia 35 hadi 40 ya mapato kabla ya mikopo na kodi. Ni kama milioni 68, na msimamizi bado hajachukua chake. Ahadi ni milioni 160.

"Kikijaa zaidi?" shemeji akauliza.

"Kijae mwaka mzima, usiku mmoja kisilale kitupu. Mapato milioni 328. Asilimia 40 yake ni 131."

Dada alitabasamu akasema wao wanaangalia pia kupanda kwa thamani. Shemeji, ambaye saruji imemfundisha, akaniuliza kwa Kiswahili: "Hiyo tofauti inatoka wapi?" Inatoka kwenye bei uliyolipa mwenyewe, waliyoipandisha mwanzoni, au kwa mnunuzi wa ghorofa inayofuata. Siku wanunuzi wakikoma, malipo yanakoma.

Nje, mlinzi wa mfupa wa zege wa jirani alitukaribisha chai ya barafu kivulini na kutupa viti vya plastiki. Kwa programu ya tafsiri ya simu alituandikia: ujenzi ulisimama 2020, korona, wakataka kurudi, benki ikakataa. Sehemu ya pili ina historia yake. Oktoba 2022 mfanyabiashara Truong My Lan alikamatwa katika kesi kubwa ya ulaghai iliyohusisha benki ya SCB na hatifungani, yaani karatasi ambazo kampuni huziuza ili kukopa kwa watu. Watu wakakimbia hatifungani za makampuni kwa ujumla, na waendelezaji waliozizoea kama kisima wakakuta hakuna maji. Winchi zikasimama hata kwa wasiohusika. Mlinzi alisema mshahara wake unakuja. Ana kuku tisa ndani ya jengo, ghorofa ya chini, kwenye kinachotakiwa kuwa ukumbi wa mapokezi.

Alhamisi 15 Mei

Kilomita 524 za reli hadi Da Nang. Upande wa kulia ndio wa bahari.

Ijumaa 16 na Jumamosi 17 Mei, Da Nang

Mji ninaoweza kuishi. Ufukwe wa My Khe uko wazi kwa kila mtu, watu wanaogelea saa kumi na moja alfajiri kabla ya kazi, na hakuna hoteli iliyozungushia kamba. Waliosimamia mji huu wanastahili heshima kwa hilo. Furama, ya 1997, ndiyo nyota tano ya kwanza ya pwani hii. Leo nyuma yake minara haihesabiki, na jioni mingi ilikuwa na taa.

Tulikodi teksi ya umeme hadi Cocobay, barabara ya pwani ya kwenda Hoi An. Mradi huu uliwaahidi wanunuzi asilimia 12 kwa mwaka kwa miaka minane. Novemba 2019 kampuni yake, Empire Group, ilitangaza kuwa kuanzia Januari 2020 haitaweza kuendelea kulipa. Nilimwomba shemeji aitazame vizuri tarehe hiyo. Korona haikuwa imefika. Ulikuwa mwaka wa wageni milioni 18, rekodi ya nchi wakati huo. Wageni walikuwa wanazidi kuja na ahadi ikavunjika hivyo hivyo.

Kuna na jambo la karatasi. Vietnam ardhi si ya mtu, inasimamiwa na serikali, kama kwetu. Ardhi ya biashara hutolewa kwa muda, kwa kawaida hadi miaka 50, lakini wauzaji wengi waliwaacha wanunuzi waamini wanapata haki ya kudumu kama ya nyumba ya kuishi. Kwa miaka mingi wenye kondoteli hawakuwa na hati. Amri ya serikali namba 10 ya Aprili 2023 ndiyo iliyofungua njia ya kuwapa, kwa masharti na kwa muda wa ardhi yenyewe.

Na jina lililo mlangoni lisikuchanganye. Mwaka 2022 Meliá ya Uhispania ilichukua usimamizi wa hoteli kadhaa za Vinpearl, na majina mengi makubwa pwani hii yako hivyo: jengo la Mvietnam, chapa ya mgeni. Msimamizi kwa kawaida hulipwa asilimia mbili au tatu ya mapato hata hoteli ikipata hasara, kisha sehemu ya faida. Mwenye chumba yuko mwisho wa foleni.

Usiku tulikula tambi za mì Quảng zenye kamba wa baharini, dong 45,000, tukaenda kuona daraja la Joka likitema moto saa tatu. Fika mapema, kaa upande wa mashariki, na uwe tayari kulowa, maana baada ya moto hutema maji.

Hapo hapo darajani shemeji alimwandikia dalali wake wa Zanzibar. Aliuliza muda wa hati ya ardhi, nani atakayeendesha na anakata nini kabla ya kulipa, na akiba ya kulipia ahadi imewekwa benki gani. Jibu lilikuja kwa sauti kabla hatujafika hotelini. Sekunde kumi na moja. Salamu, pole na safari, na bei inapanda Jumatatu.